Barua ya wazi kwa wakuu wa chuo: pimeni kwanza, tamko baadaye

Kwa Naibu Chansela, Mlezi wa Wanafunzi na Mkurugenzi wa Michezo,

Waheshimiwa,

Jina la chuo chenu hatulitaji hapa, wala la binti aliyewalalamikia. Nyinyi mnajijua, na Wakenya waliosoma maneno yake wanawajua. Aliivalia jezi timu yenu ya voliboli ya wanawake hadi akahitimu, kisha akasema hadharani kwamba uwanja ni hatari, mazoezi yanaua magoti, chakula hakitoshi, posho haifiki mkononi, mtihani ukigongana na mechi anayeumia ni mchezaji, na benchi la ufundi linawatumia wasichana ujumbe usiku wa manane. Katika hayo yote hakuna hata moja linalohitaji tujadili tabia yake. Kila moja lina kipimo, daftari au karatasi inayoweza kulithibitisha au kulikanusha. Wahenga walisema lisemwalo lipo. Sisi hatuwaombi mwamini methali. Tunawaomba mpime kabla ya kujibu.

Sisi tunaoandika ni makocha, marefa na wataalamu wa tiba ya viungo wa voliboli. Hatukuja kumtetea mchezaji huyu kwa kila neno. Yapo mawili ambayo tunaona amekosea, na tutayasema tukifika huko.

Kwanza, msiyopaswa kuyafanya. Mtiririko wa kawaida tunaujua: ofisi ya mawasiliano inatoa tamko kwamba chuo kinawathamini wanamichezo wake, wachezaji waliopo wanapangwa mstari kupigwa picha wakitabasamu, kisha mtu wa ndani anadokeza kwamba mlalamikaji alikuwa mtovu wa nidhamu, au alifeli masomo, au alikuwa akiumwa kitu fulani. Hatua hiyo ya tatu ndiyo itakayowaponza. Matokeo yake ya mtihani na faili lake la zahanati ni taarifa zake binafsi, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inaziweka taarifa za afya katika kundi la taarifa nyeti. Polisi nao hawatawasaidia: Mahakama Kuu ililiondoa kosa la jinai la kukashifu mwaka 2017. Mkitaka kwenda na kesi ya madai nendeni, ila huko mtaombwa vipimo hivi hivi tunavyowaomba sisi. Kamati ya nidhamu haina kazi na mtu aliyekwisha kuhitimu. Na kama nakala ya matokeo yake bado imezuiwa kwa kisingizio kwamba jezi haijarudi, iachilieni leo. Jezi ina bei yake, mtozeni bei hiyo. Kifungu cha 47 cha Katiba kinamlinda dhidi ya uonevu wa namna hiyo.

Mnauliza kwa nini alinyamaza miaka yote ya masomo aje kusema akiwa nje. Jibu ni rahisi kwa anayeujua mchezo huu nchini. Kocha ndiye anayechagua kikosi, ndiye anayeomba ruhusa ya mitihani, na ndiye anayepigiwa simu na makocha wa klabu. Klabu kubwa za wanawake Kenya, yaani Prisons, Pipeline na KCB, ni timu za taasisi (magereza, kampuni ya bomba la mafuta na benki), na kwa mchezaji wa chuo kusajiliwa kunaweza kuwa mlango wa ajira. Neno moja la kocha, kwamba huyu ni mkorofi, linaweza kuufunga mlango huo. Kwa hiyo ukimya wa waliopo kikosini sasa hivi msiuchukue kama ushahidi wa lolote.

Anzeni na uwanja, maana huo hauwezi kubishana. Chukueni tepu ya mita 30. Urefu ni mita 18, upana 9, na mistari yenye upana wa sentimita 5 inahesabiwa ndani ya vipimo hivyo. Msiishie kupima pande. Kila nusu ya uwanja ni mraba wa mita 9 kwa 9, hivyo mshazari wake uwe mita 12.73, ukiwa tofauti, uwanja umepinda hata kama pande zote nne ni sawa, na mabishano yenu na marefa kuhusu mipira ya pembeni yana chanzo chake hapo. Kisha pimeni nje ya mistari. Sheria inataka nafasi huru ya angalau mita 3 kila upande. Viwanja vingi vya vyuo haviumizi watu ndani ya mistari, vinawaumiza hapa: mtaro wa maji ya mvua mita moja na nusu nyuma ya mstari wa servu, yaani pigo la kuanzisha mpira, ukingo wa saruji, nguzo ya taa, benchi la chuma. Libero, mchezaji wa ulinzi wa nyuma, anaufuata mpira akirudi nyuma, macho juu, na hana namna ya kujua mguu unatua wapi. Mtaro ukishindikana kuhamishwa, ufunikwe kwa vyuma au mbao nzito zilizolingana na ardhi, au mistari ichorwe upya mita mbili mbele. Kazi hiyo haihitaji bajeti ya mwaka ujao.

Wavu wa wanawake ni mita 2.24, na hupimwa katikati ya uwanja, si kwenye nguzo. Juu ya mistari ya pembeni urefu uwe sawa pande zote mbili na usizidi ule wa katikati kwa zaidi ya sentimita 2. Hapa ndipo nguzo za tairi zinapotoa siri. Nguzo iliyosimikwa ndani ya tairi lililojazwa zege huteleza kuelekea ndani kila kamba inapokazwa, wavu unalegea katikati, halafu mtu anakuja na suluhisho lake: waya kutoka kwenye nguzo hadi kwenye kigingi ardhini. Waya huo unapita usawa wa shingo upande mmoja na usawa wa kifundo cha mguu upande mwingine, na kanuni za mchezo zinakataza kabisa nguzo kushikiliwa kwa waya. Dawa ni kuzika ndani ya zege, kina cha nusu mita hivi, bomba la chuma pana kidogo kuliko nguzo, liwe na kifuniko cha kufungia nguzo zikitolewa. Nguzo zikae kati ya nusu mita na mita moja nje ya mstari wa pembeni, ziwe na urefu wa mita 2.55, na zivishwe godoro au sponji nene. Fundi wa chuo anaimaliza kazi hiyo, tena na zege kukauka, ndani ya wiki moja.

Msione sentimita chache kuwa jambo dogo. Wavu ulioshuka sentimita 7 unamfundisha mshambuliaji kuupiga mpira ukiwa chini, na unamfundisha mzuiaji kunyoosha mikono bila kuruka sawasawa. Siku ya mashindano wavu uko juu pale unapotakiwa, smashi zinaishia ndani yake, na wachezaji wanafokewa kwamba wameingiwa na woga.

Mistari ikichorwa kwa chokaa, ulizeni ni chokaa gani. Chokaa isiyozimwa huunguza ngozi na inaweza kumpofua mchezaji anayejirusha kifudifudi kuokoa mpira. Hata ile iliyozimwa inawasha macho vibaya. Kwenye udongo wekeni ukanda wa nailoni uliopigiliwa vizuri, na vigingi vizame chini ya usawa wa ardhi.

Mipira nayo. Uzito ni gramu 260 hadi 280, mzingo sentimita 65 hadi 67, na upepo wa ndani kilo 0.30 hadi 0.325 kwa sentimita ya mraba. Kidole gumba si kipimo. Nunueni geji, na sindano iloweshwe kabla ya kuingizwa ili isichane vali. Mpira uliojazwa kupita kiasi ndio unaotegua vidole vya seta (anayewainulia washambuliaji mpira) na wazuiaji. Idadi ni jambo jingine. Mchezaji wenu wa zamani anasema walikuwa na mipira 3 kwa watu 14. Fanyeni hesabu: dakika 15 za servu, kila servu pamoja na kuufuata mpira sekunde 20, mpira mmoja unapigwa mara 45, mitatu mara 135. Kila mchezaji hapati hata servu 10. Kwa mipira 12 angepata 38. Hapo ndipo msimu unapotea, na hakuna hotuba ya motisha inayofidia servu 28 za kila siku.

Sasa magoti. Hili tunalikalia kwa sababu ndilo linaloharibu maisha ya watu, na ndilo makocha wengi wanaloliita uvivu. Maumivu yanayotajwa ni ya kano iliyo chini ya kifuniko cha goti. Utafiti uliofanywa Norway na kuchapishwa mwaka 2005 ulikuta karibu wachezaji 45 kati ya 100 wa voliboli ya wanaume ya kiwango cha juu wanayo, kuliko michezo mingine yote iliyochunguzwa. Kwa hiyo mchezaji akisema goti linauma, msimuulize kama amechoka na timu. Mwulizeni ameruka mara ngapi wiki hii. Na kama hakuna anayejua, hapo tayari mmeshapata jibu la malalamiko yake.

Kuhesabu si kazi ngumu. Mchukue mshambuliaji wa kawaida katika kipindi kimoja cha mazoezi: raundi 6 za smashi, kila moja mipira 10, ni 60. Bloku, yaani kuruka kuzuia smashi, raundi 5 za 8, ni 40. Servu za kuruka 20. Ameshafika 120, na mchezo wa mwisho wa mazoezi bado haujaanza. Kwa siku tano ni 600, juu ya saruji, akiwa na viatu vya kukimbilia vilivyokwisha soli. Mwanafunzi msaidizi mwenye daftari na kalamu anaweza kuzihesabu akiwa amekaa pembeni.

Ila kosa kubwa kuliko hata idadi ni kupanda ghafla. Vyuo vingi vinajua kambi ya wiki mbili: wanafunzi wanatoka likizo ambako hawakuruka hata mara moja, wanaingizwa kambini, asubuhi mazoezi, jioni mazoezi, kisha mashindano. Misuli huzoea upesi, kano huchelewa. Mchezaji anajisikia yuko fiti siku ya saba, na siku ya kumi na mbili hawezi kushuka ngazi za bweni. Pendekezo letu ni kambi ianze wiki sita kabla ya mashindano, tena bila ya kulaza watu. Wiki ya kwanza jumla ya kuruka isizidi 120, siku tatu, na siku moja katikati bila kuruka kabisa. Ongezeni 50 hivi kila wiki. Wiki ya mashindano yenyewe punguzeni kwa nusu. Siku zisizo za kuruka zina kazi tele: kupokea servu, kuseti, kulinda nyuma, servu za kusimama, nguvu za mapaja na nyonga. Na kuruka kichura kama adhabu kwa aliyechelewa kukome kuanzia kesho. Hakuna nidhamu inayojengwa kwenye kano iliyovimba.

Kupima goti hakuhitaji mashine. Tengenezeni ubao wenye mteremko wa nyuzi 25, mchezaji asimame juu yake kwa mguu mmoja, kisigino upande wa juu, ajikunje taratibu. Maumivu yakiwa kwenye ncha ya chini ya kifuniko cha goti, atoe alama kutoka 0 hadi 10. Hadi 3, anaendelea na mazoezi kwa nusu ya idadi ya kuruka. Kuanzia 4, haruki siku hiyo. Kesho yake asubuhi apimwe tena, kwa sababu kano huwa ina tabia ya udanganyifu: inauma mwanzoni, inatulia mwili ukipata joto, kisha inalipiza usiku. Wanaoangalia tu jinsi mtu anavyocheza jioni ndio wanaosema anajifanya.

Tiba nayo hufanywa kinyume. Anapumzishwa wiki mbili kabisa, maumivu yanaisha, anarudi, siku ya kwanza yanarejea, kwa sababu kano iliyolala imezidi kudhoofika. Kinachosaidia ni mzigo uliopimwa: kukunja goti na kushikilia mkao huo kwa mzigo mzito sekunde 45, mara 5, na dakika 2 za mapumziko katikati, kisha mazoezi ya nguvu ya polepole mara tatu kwa wiki kwa wiki 12 hivi, chini ya mtaalamu wa tiba ya viungo. Sindano ya kuua maumivu saa moja kabla ya fainali si tiba. Dawa kama diclofenac zinaficha ishara ya hatari, zinachoma tumbo tupu, na kwa mtu aliyepungukiwa maji mwilini zinazielemea figo. Kama mlalamikaji amesema zilikuwa zikigawiwa ndani ya basi, fungueni rejista ya dawa ya zahanati mwone nani alizichukua na nani aliziandika.

Kifundo cha mguu tutakipitia upesi. Kinateguka chini ya wavu, mtu anapotua juu ya mguu wa mwenzake au wa mpinzani. Aliyewahi kuteguka avae kishikio cha kifundo angalau kwa miezi sita na afanye mazoezi ya kusimama kwa mguu mmoja kila siku. Asirudi kuruka kabla hajaweza kujiinua kwa vidole vya mguu huo mara 25. Anayegongwa kichwa akatoka akiwa amepoteza mwelekeo haruhusiwi kurudi uwanjani siku hiyo, hata seti ikiwa 24–24.

Chakula. Mazoezi yenu yanaisha saa moja jioni, na kantini inafungwa saa moja jioni. Hiyo si siri, imebandikwa mlangoni. Mchezaji wa kilo 60 anayefanya mazoezi kila siku anahitaji wanga kati ya gramu 300 na 420 kwa siku. Sahani ya ugali iliyopikwa kwa gramu 200 za unga inampa 150 hivi, na baada ya mazoezi anahitaji protini gramu 18 hadi 20, yaani mayai mawili na glasi ya maziwa. Akikuta mlango umefungwa anakunywa chai na mandazi chumbani na kulala. Suluhisho halina gharama ya kutisha: kocha apeleke orodha ya majina kantini saa nane mchana, sahani 14 zitengwe kwenye hotpoti, mpishi mmoja abaki hadi saa mbili usiku.

Katika hilo kuna jambo wanaume wengi wa benchi la ufundi hawalizungumzi. Msichana anayefanya mazoezi mengi bila kula vya kutosha anaweza kukosa hedhi. Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki ilitoa tamko kuhusu upungufu huu wa nishati kwa wanamichezo mwaka 2014, na madhara yake ni pamoja na mifupa kudhoofika na kupata nyufa. Akikosa miezi mitatu mfululizo apelekwe kwa daktari, na asipongezwe kwamba amepungua. Mizani ya hadharani, wasichana wakipangwa mstari na kilo zao kusomwa kwa sauti, iondolewe uwanjani. Mtu akipimwa kwa sababu ya maji aliyopoteza kwa jasho, apimwe faraghani na muuguzi.

Kuhusu posho, ombeni karatasi za sahihi za safari zote za msimu uliopita na mziangalie kwa jambo moja tu: je, safu ya kiasi ilikuwa imejazwa kabla mchezaji hajatia sahihi? Karatasi yenye majina 14, sahihi 14, na kiasi kilichoandikwa kwa mwandiko mmoja na kalamu ya rangi nyingine, haihitaji mkaguzi kutoka Nairobi kuielewa. Linganisheni na hati ya masurufu aliyochukua afisa wa michezo. Kuanzia sasa posho itumwe kwa M-Pesa kwenye nambari ya mchezaji mwenyewe, kiasi kitangazwe kabla ya safari, na masurufu yabaki kwa mafuta na malazi tu.

Mitihani ina mtego ambao wengi hawaujui hadi wamenaswa. Katika vyuo vingi, anayekosa mtihani kwa ruhusa iliyoandikwa hupewa mtihani maalum na alama zake zote. Anayekosa bila barua hupewa sapu, yaani mtihani wa marudio, na hata akipata 78 anaandikiwa alama ya kupita tu. Tofauti ya hao wawili ni barua moja, na barua hiyo lazima ifike kwa msimamizi wa mitihani wa idara kabla ya siku ya mtihani. Ofisi ya michezo inapoiandika wiki moja baada ya basi kurudi, imeshachelewa. Tafuteni rekodi za kikosi kizima cha msimu uliopita, mwone ni wangapi walipata sapu siku zilizolingana na mechi. Marekani, ambako mchezo huu wa vyuo una fedha nyingi, sheria ya NCAA, chombo kinachosimamia michezo ya vyuo huko, inaweka ukomo wa saa 20 za mazoezi kwa wiki wakati wa msimu, saa 4 kwa siku, na siku moja ya kupumzika. Hata huko safari hazihesabiwi, na wachezaji wanalalamika. Kwenu hakuna ukomo wowote ulioandikwa.

Lililobaki katika orodha yake ndilo zito kuliko yote, na hatutalirefusha kwa sababu si la kujadiliwa na umma. Ujumbe wa saa tano usiku kwenda kwa mchezaji mmoja mmoja si mawasiliano ya timu. Sheria ya Makosa ya Kingono ya 2006 inamgusa mwenye mamlaka anayemsumbua mtu kingono kwa kurudiarudia. Hili lipelekwe nje ya idara ya michezo siku hiyo hiyo, anayetajwa asimamishwe kusafiri na timu hadi uchunguzi uishe, na mlalamikaji asilazimishwe kukaa naye meza moja. Kwa timu nzima: ujumbe wa timu upitie kundi ambalo meneja wa kike yumo, hakuna masaji chumbani, hakuna mkutano wa mtu mmoja mlango ukiwa umefungwa.

Sasa pale tunapotofautiana naye. Amesema kocha alikuwa na wachezaji 12 lakini akawatumia 7, na kwamba huo ni upendeleo. Sheria inaruhusu mabadiliko 6 kwa seti, na aliyeanza akitoka anarudi mara moja tu, tena kwenye nafasi yake ile ile. Kocha mwenye seta mmoja mzuri hatamtoa ili kila mtu apate dakika. Uchaguzi wa kikosi ni haki yake, na msikubali kuugeuza kuwa kesi. Pia amesema kocha hajui kazi kwa sababu timu ilicheza na seta mmoja badala ya wawili. Mfumo wa seta mmoja ndio unaotumiwa na timu nyingi duniani. Haya ni mabishano ya mpira, yaishie kwenye mpira.

Kocha huyo huyo anastahili haki yake pia. Kama anafundisha wanaume na wanawake kwa pamoja, kwa mkataba wa msimu unaolipwa kwa kuchelewa, bila msaidizi wala mtaalamu wa viungo, basi sehemu ya malalamiko haya anuani yake ni ofisi zenu. Mtaliona hilo mkisoma mkataba wake.

Tunawapa siku 14. Siku ya kwanza, zuieni rejista ya zahanati, karatasi za posho na ratiba za mazoezi zisiguswe. Undeni jopo la watatu: mtu wa nje ya idara ya michezo, mtaalamu wa viungo asiyelipwa na chuo, na mwanamke aliyewahi kucheza kiwango cha klabu. Wachezaji waliopo wahojiwe mmoja mmoja, bila kocha kuwepo, bila karatasi ya mahudhurio kupitia mikononi mwake. Mlalamikaji aalikwe, akikataa kuja atumiwe maswali. Uwanja upimwe mbele ya nahodha wa timu. Siku ya 14 toeni matokeo: lililothibitika, lisilothibitika, na tarehe ambayo kila kasoro itakuwa imerekebishwa na jina la ofisi inayohusika. Majina ya wachezaji yasiwemo.

Kenya imepeleka timu ya wanawake Olimpiki mara nne, 2000, 2004, 2020 na 2024, na mwaka 2023 Malkia Strikers walitwaa ubingwa wa Afrika tena, kule Yaoundé. Vyuo vilipaswa kuwa njia pana ya kufika huko. Kwa sasa wasichana wengi wanaofika chuoni na vipaji kutoka sekondari wanaondoka na shahada na goti bovu.

Kama msimu utaanza kabla nguzo hazijasimikwa upya na mtaro haujafunikwa, hamisheni mechi zenu za nyumbani. Marefa waliotia sahihi barua hii wameshakubaliana kwamba hawatapuliza filimbi kwenye uwanja ule wenye waya.

Wenu,

Makocha, marefa na wataalamu wa tiba ya viungo wa voliboli